Neno la Damari Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Pale Iyunga hakuna mtu aliyeujua mchezo wa redio kama Damari mke wa Lutengano, na redio yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho.

Redio ilikuwa ya baba mkwe wake, mzee Fanueli, aliyerudi nayo kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya, pamoja na betri yake nzito kama tofali. Waya wake aliupandisha juu ya mkaratusi. Kila Alhamisi jua likianza kushuka na baridi kupanda, aliitoa akaiweka juu ya kiti barazani, na majirani wakaja na vigoda vyao. Damari hakuja. Mkamwana wa Kinyakyusa hakai mbele ya baba mkwe wake, hamtazami usoni, hamtamkii jina. Mzee akiingia uani anakohoa kwanza, na mkamwana akisikia kikohozi anapita upande wa pili. Hivyo ndivyo alivyolelewa Damari kwao Rungwe, na hakuona kwamba ni mateso. Ilikuwa heshima, na heshima alikuwa nayo ya kutosha, tena akaringa nayo.

Jiko lake liliegemea baraza ile kwa nyuma. Ukuta ulikuwa wa mianzi iliyokandikwa udongo, na mahali pamoja udongo ulikuwa umedondoka. Damari aliweka kigoda chake hapo, akatega sikio kwenye ufa, mikono inachambua maharage.

Mchezo ulikuwa wa watu wa pwani. Kulikuwa na mfanyabiashara Rajabu, na mkewe Mwanaidi aliyemzalia mabinti watupu, na mama mtu mwenye mdomo. Waliongea Kiswahili cha haraka, cha kuteleza, na wengi pale barazani nusu kiliwapita. Damari hakikumpita. Baba yake alikuwa mpishi wa boma Tukuyu, na askari wa pwani walikula mlangoni pao. Basi mchezo ukiisha, watu wakibishana kwamba Rajabu kasema hivi, hapana kasema vile, Damari alikaa nyuma ya ukuta anatafuna midomo. Jibu analo, pa kulitolea hana.

Ndipo akaingia Sekela. Sekela alikuwa binti wa mwisho wa Fanueli, wifi yake Damari, hajaolewa, mcheshi. Walichota maji pamoja, walisukana nywele, walilala kitanda kimoja Lutengano akiwa safarini na lori la Mhindi kati ya Mbeya na Iringa. Sekela alianza kuja jikoni mchezo ukiisha, anachukua neno la Damari, analipeleka barazani.

"Mkamwana anasema Rajabu hana kosa, kosa ni la mama yake," anasema Sekela, na wazee wanatikisa vichwa. Mzee Andendekisye, jirani, alikuwa mbishi hata wa mvua inayonyesha, lakini neno likitoka jikoni alinyamaza. Siku moja alisema mwanamke yule angevaa suruali wangemfanya karani wa baraza la chifu. Watu wakacheka. Damari nyuma ya ukuta aliyasikia, na maharage yake siku hiyo hayakuchambuliwa vizuri.

Ikawa desturi. Mchezo haukuhesabika umekwisha mpaka neno la jikoni litoke. Hata Fanueli, mzee mkali asiyemsifu mtu, alianza kumtuma Sekela: kamwulize mwenzio anaonaje. Damari alijiona mtu. Alikuwa na watoto wawili, wote mabinti, na kwa hilo alikuwa amezoea kunyamaziwa katika ukoo ule. Sasa anaulizwa.

Mwaka wa hamsini na nane, mahindi yakiwa mabichi, mchezo ukafika pabaya. Rajabu alikuwa na mwanamke mwingine kwa siri, na watu wa Iyunga waligawanyika. Wengine walisema Mwanaidi amfukuze. Wengine walisema afunge macho. Jioni hiyo Sekela alikuja jikoni mapema kuliko kawaida, akakaa chini karibu na moto, akaokota kijiti akakivunja.

"Wifi, baba anataka neno lako. Mwanaidi afanye nini?"

Damari aliona raha. Mchezo ulikuwa umemkolea, alitaka kuona mambo. Akasema Rajabu anamtia kichefuchefu kwa kujificha kama fisi. Kama anataka mke wa pili, amlete mchana kweupe, na Mwanaidi asiwe mchoyo, amkaribishe.

"Amkaribishe?"

"Amkaribishe ndani. Halafu amtoe jasho mpaka arudi kwao mwenyewe usiku. Hapo ndipo mchezo utakuwa mtamu."

Walicheka wote wawili. Sekela alicheka kidogo kuliko alivyozoea, ila Damari hakuliona hilo wakati ule, aliliona baadaye. Kisha Sekela akauliza tena, polepole, kama hilo ndilo neno lake kweli. Damari akamwambia nenda, ugali unaungua.

Kupitia ufa alimsikia Sekela akisimama barazani. "Mkamwana anasema mume akitaka mke wa pili, amlete mchana kweupe. Mke asiwe mchoyo, amkaribishe." Basi. La kumtoa jasho halikutoka. Damari akadhani wifi yake ameona aibu kulisema mbele ya wazee. Akamsikia baba mkwe akimgeukia Andendekisye: umesikia? Andendekisye akajibu amesikia. Hata hilo Damari alilipokea kama sifa.

Siku chache baadaye lori la Lutengano lilisimama uani likiwa tupu, na asubuhi likaondoka na ng'ombe wawili wa Fanueli, dume na mtamba. Ng'ombe hawapelekwi Iringa kutembea. Damari alimfuata Sekela mtoni, akamkuta anafua, akamwuliza wale ng'ombe wanakwenda kwa nani.

Sekela hakuinua uso. Alisema wanakwenda kwa mzee Kalinga. Ana binti. Lutengano amekuwa naye huko mwaka wa pili huu.

"Na mimi nani ameniambia?"

"Si ulikubali mwenyewe? Wazee walisikia. Ulisema mke asiwe mchoyo."

Damari alisema yale yalikuwa ya Mwanaidi. Sekela akaikamua nguo, akaikamua tena ilhali haina maji.

"Baba hawezi kukuuliza mdomo kwa mdomo, wifi, unajua. Na alisema nikikuuliza wazi, utakataa."

Damari alisimama na mtungi mtupu. Lutengano alikuwa mwanamume, na wanaume wa lori alijua habari zao. Fanueli alitaka mjukuu wa kiume, hilo hata kuku wa pale walilijua. Lakini huyu Sekela alikuwa anamshika kichwa akimsuka, alijua kovu la kisogoni mwake. Huyu ndiye aliyelipunguza neno njiani, kati ya jiko na baraza, hatua chache tu, akijua alipunguzalo.

Lutengano aliporudi alileta khanga na uso wa furaha. Alisema alishukuru sana kusikia mkewe hana kinyongo. Damari aliichukua khanga akafunikia majivu.

Alhamisi iliyofuata alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani. Watu walikuwa wamekaa. Fanueli alikuwa bado zizini. Damari alibeba kigoda chake kutoka jikoni, akazunguka nyumba, akaketi mbele ya redio mahali pa baba mkwe wake. Ndiyo mara ya kwanza kuiona. Ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri.

Kikohozi kikasikika langoni. Damari hakuinuka. Kikohozi kikaja tena, kirefu, mpaka mtu asiyejua angesema mzee ana kifua kikuu. Damari akatulia vilevile, macho chini, heshima yake yote iko palepale. Mzee Fanueli alikuwa na njia mbili, amwone mkamwana au aiache baraza yake. Alirudi nyuma ya ua, akasimama kwenye migomba, amegeuza mgongo.

"Sekela," akasema Damari, "nina neno kwa baba. Lipeleke kama nilivyolisema, hawa wote wanasikia. Mwambie mimi sikuulizwa. Mwambie nilichosema kilikuwa cha Mwanaidi. Changu ni hiki: sikubali."

Sekela alisimama katikati ya uwanja. Andendekisye akamwambia, haya, mtoto, peleka, na leo usidondoshe kitu. Sekela akaenda hadi kwenye migomba akalisema, sauti ikimkatika, na aliposahau la Mwanaidi, Damari alimrudisha alianze upya.

Ng'ombe hawakurudi. Binti wa Kalinga aliletwa mahindi yalipovunwa, akajengewa nyumba yake upande wa barabara, na Lutengano akatengwa meza ya Bwana kanisani. Damari alidaiwa mbuzi kwa kukaa mahali pa baba mkwe. Alikwenda Rungwe kwa baba yake, akamleta mbuzi mwenyewe kwa kamba, kichwa juu, akapita naye katikati ya Iyunga ili kila mtu aone. Tangu siku hiyo hakuna wa ukoo ule aliyethubutu kusema Damari aliridhia.

Jioni ile ya mbuzi alikanda udongo na samadi, akauziba ule ufa wa jikoni, akausawazisha kwa kiganja. Alhamisi ikafika, redio ikasikika kwa mbali kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ilipozimwa, nyayo zilikuja mpaka ukutani zikasimama.

"Wifi," Sekela akasema kwa nje. "Mwanaidi leo ameondoka. Ameacha hata mabinti. Wanabishana kweli huko mbele, hata Andendekisye hajui aseme nini."

Damari alichukua ungo, akaanza kupepeta mahindi aliyoyatwanga.

"Wifi. Wewe unaonaje?"

Pumba ziliruka, zikaangukia motoni. Alipepeta mpaka nyayo zikaondoka, na mahindi yenyewe yalikuwa yamekwisha kuwa safi zamani.