Mtihani Nilioufanya kwa Simu ya Sista

Katika zahanati ndogo karibu na Runyenjes tulikuwa wauguzi wawili, mimi na sista mmoja aliyekaribia kustaafu. Masomo ya kuhuisha leseni zetu za uuguzi yalipohamia mtandaoni, aliniletea simu yake.

"Nionyeshe polepole, mwanangu," akasema.

Mimi nilikuwa na haraka. Somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua nililiruka, nikabahatisha majibu ya mtihani mpaka cheti chake kikatoka. Alinishukuru sana.

Baadaye, nikiwa likizo, peke yake alimzalisha mama mmoja, na mtoto hakulia. Alijaribu alivyofundishwa zamani, lakini mtoto akafariki. Niliporudi hakunilaumu.

"Lile somo lilisemaje?" aliniuliza akipanga chanjo.

Nilikiri kwamba hata mimi sikulisoma. Aliendelea kupanga chanjo.