Mawe ya Parseli Yetu

Parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu kule Ndosho, ni mawe matupu, yale meusi ya volkano. Ukitaka kuchimba choo, hata kupanda ua moja, chukua nyundo kwanza. Muji ulipobadilisha wenyewe, waasi wakaushika, kazi yangu ilifungwa, na mimi ni mutu wa hasira za karibu. Nilimfokea mama watoto juu ya chumvi. Nilifokea watoto kwa sababu walicheka. Siku moja nikaona imebaki nipige mutu ao nipige jiwe, nikachukua nyundo.

Ilinisaidia, nisidanganye. Jiwe la volkano linarusha vipande vya kukata, kwa hiyo lazima uangalie pa kupiga na huwezi kuwaza kingine. Kila hasira ilipopanda nilitoka nje, na nikirudi ndani moyo ulikuwa umepoa kama ugali uliolala. Majirani wakasema nimekuwa mupole, Mungu asifiwe.

Ila nyundo haikuchagua. Tulipoambiwa ndugu yangu haonekani tena upande wa Rumangabo, kule kwenye kambi ya askari, nilivunja mawe mpaka jioni, na sikulia. Mama watoto alilia kwa niaba yangu. Nilimsikia kupitia dirisha, sikuingia.

Halafu dada yake akampigia simu kutoka Butembo: alete watoto, huko kuna nafasi. Mama watoto aliniuliza nawaza nini. Nikasema ni sawa. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia njia iko, akitaka aende. Alipakia nguo, akazitoa, akazipakia tena. Nilielewa vizuri kwamba ananingoja. Nilielewa tu, basi, kama mutu anavyoona mvua inanyesha kwa jirani.

Asubuhi ya safari pikipiki zilikuwa mulangoni, watoto wameshapanda. Mama yao akarudi mpaka niliposimama, karibu na rundo la kokoto.

“Papa, makelele yako yalikuwa yananiogopesha,” akasema. “Lakini wakati ule nilijua kuna mutu ndani yako. Niambie nibaki, nitabaki.”

Nilitaka abaki. Hilo nalijua kwa akili, vile ninavyojua jina langu. Nikalitafuta kifuani ili nilitoe kwa mudomo, hata kwa kufoka, na kifua kilikuwa kimya. Watoto walikuwa wananiangalia. Yeye alingoja mpaka dereva akapiga honi.

“Mufike salama,” nikamwambia, kwa upole kabisa.