Shamba Lililofagiliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kuangalia mavi. Nalisema mapema ili wewe kijana unayedhani uaskari wa wanyamapori ni kofia na bunduki uishie hapa hapa, ukatafute kazi nyingine.

Ilikuwa Bunda. Tembo walikuwa wametoka hifadhini wakapita kwenye mahindi ya watu, na Afisa Wanyamapori wa Wilaya akanichukua mimi na buti zangu mpya zilizokuwa zinanibana. Enzi hizo afisa kama yule aliitwa Bwana Nyama, kama mtu wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Alikuwa mfupi, mkali, na mfuko wake wa shati haukukosa karanga. Alinipa kijiti, akaniamuru nichokonoe bonge la kinyesi.

“Kuna joto ndani?”

“Limepoa, afande.”

“Basi wako mbali. Twende kwenye nyayo. Na usiniulize bunduki iko wapi, nimeiacha ofisini. Mtu akishika bunduki huwaga hainami.”

Sikumpenda siku ile. Nilirudi nyumbani nimechubuka visigino na mama yangu akanicheka. Watu wa Bunda nao wakaanza kuniita Mama Nyama, kwa kuwa nilikuwa mwanamke, kana kwamba nimefungua bucha. Nililizoea jina.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mnyama akila shamba, mwenye shamba anamwambia mwenyekiti wa kijiji, na taarifa inapanda mpaka wilayani. Askari anatumwa kuhakiki, yaani kwenda kuona kwa macho yake ni mnyama gani na kafanya nini. Mnyama akizidi kusumbua anahesabiwa mharibifu, na kibali cha kumuua kinaweza kutoka. Afisa anasaini, lakini anasaini kile ulichomwambia wewe uliyekwenda shambani. Ukikosea wewe, anakufa asiyehusika.

Baada ya Bunda nilihamishiwa Buswahili, kwenye mabwawa ya Mto Mara, ambako kiboko ni jirani kama majirani wengine, ila huwezi kumshtaki. Mkuu wa kituo alikuwa mzee asiyependa maneno. Alifundisha kwa kunyoosha kidole, nami nikajifunza hivyo hivyo. Kiboko ana vidole vinne, na njia yake ina mifereji miwili na majani katikati, kwa sababu miguu yake imeachana sana. Anakata majani kwa midomo, sawasawa, kama mtu aliyepitisha fyekeo. Ng'ombe anazungusha ulimi anavuta, kwa hiyo anaacha ncha zilizochanika. Kinyesi cha kiboko nacho hakikai mahali pamoja, anakipiga kwa mkia kinaruka mpaka vichakani. Ukivaa shati jeupe ukapita hapo, shauri yako.

Nilirudishwa Bunda katikati ya utumishi wangu, chini ya Afisa mwingine, kijana kuliko mimi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na simu yake haikunyamaza.

“Mama,” akaniambia asubuhi moja, “kuna kijiji kule ziwani, kiboko anamaliza shamba la mwanamke mmoja. Diwani ananipigia kila siku. Kibali cha kumuua kiko mezani, bado saini yangu. Nenda kahakiki. Kesho nataka jibu.”

Kijiji sikitaji, maana watu wake bado wapo. Kiboko mwenyewe nilimjua. Alikuwa dume mzee aliyefukuzwa na wenzake, akahamia peke yake kwenye mafunjo, yale magugu marefu yanayofunga ukingo wote wa ziwa. Alipita mahali pamoja kila alipotoka kwenda kula na kila aliporudi majini, na kupita kwake kukaacha njia wazi. Wavuvi waliitumia njia hiyo hiyo kutoa mitumbwi yao kwenda kutega kambare na kamongo. Wakamwita Mlango. Walijua saa zake, wakampisha, wakaendelea na kazi zao.

Nilipofika nilikuta akina mama wameshakuja na mabeseni, na wanaume wananoa visu. Kiboko akiuawa nyama inagawiwa kijiji kizima, kwa hiyo hata asiye na shamba ana hamu ya kumwona mharibifu.

“Mama Nyama, leo tunakula?” mmoja akaniuliza.

“Mle kwenu,” nikamwambia. “Mimi nimekuja kuangalia.”

Nikawaacha njiani nikaingia shambani na mwenye shamba peke yake. Nitamwita Nyanjura, jina lake ni lingine. Alikuwa mwembamba, mama wa watoto wadogo, na alitembea nyuma yangu. Nusu ya mahindi ilikuwa imeliwa kweli. Nikashika mmea mmoja, nikaona ncha zimechanika. Nikainama kutafuta nyayo.

Hapakuwa na nyayo. Kila palipoliwa mahindi, udongo ulikuwa na mistari ya ufagio, kama uwanja wa nyumba siku ya wageni. Nimezaliwa na wakulima na sijawahi kuona mtu anafagia shamba.

“Nyanjura, nani kafagia hapa?”

“Kulikuwa na takataka, dada.”

“Takataka za shambani tangu lini zinafagiliwa?”

Alitazama juu kidogo ya shamba, kwenye mji wa baba mkwe wake. Zizi lilionekana vizuri kutoka pale tuliposimama, na upande mmoja wa uzio wake wa miba ulikuwa umelala chini.

“Dada, wewe umeolewa?” akaniuliza.

“Nimeolewa.”

“Basi unajua.”

Nilijua. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unachoka. Baba mkwe wangu amekufa sijawahi kula mbele yake. Na mahari ya Nyanjura ilitoka kwenye zizi la mzee yule, ndugu za ng'ombe hao walikuwa kwa baba yake Nyanjura. Sasa mwanamke kama huyo asimame kwenye mkutano wa kijiji aseme ng'ombe wa mkwe wamemlia mahindi? Ni kama kumwita mzee mwizi mbele ya watu. Kuna wanawake wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo, na watoto wamebaki kwa mume. Majirani walipoanza kusema ni kiboko, yeye alinyamaza, na kila alfajiri akaamka kufagia alama za kwato.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Nikisema ng'ombe, Nyanjura anapoteza nyumba na watoto. Nikisema kiboko, Mlango anauawa kwa mahindi ambayo hakuyagusa, na watu wamesimama njiani na mabeseni. Nilikasirika. Niliwakasirikia wote, na zaidi yule mzee, ambaye uzio wake ulihitaji matawi machache tu ya miba.

Nikapanda mpaka kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anasokota kamba. Nikamsalimia kwa adabu zote, nikapewa kiti, tukaongea habari za mvua mpaka zikaisha.

“Baba,” nikasema, “nimekuja kukutahadharisha. Kiboko huyu tutamvizia kwenye lile shamba la mkweo. Askari wenzangu watakuja na bunduki kubwa, na agizo ni kwamba kitakachoingia mle kabla ya jua kutoka kinapigwa, maana gizani hatuwezi kuchagua. Nimeona uzio wako umelala. Nisingependa tukuue ng'ombe kwa bahati mbaya.”

Aliacha kusokota kamba. Akanitazama, akatazama shamba, akarudi kwangu.

“Unatoka kwa nani wewe binti?”

Nikamtajia baba yangu na kijiji chetu.

“Walikulea,” akasema. Kisha akamwita mwanawe akamwambia alete panga, wakakate miba.

Watu wenye mabeseni niliwaambia uhakiki haujaisha. Walininung'unikia sana, na mwanamke mmoja akasema serikali ikimtuma mwanamke nyama hailiki. Kesho yake Afisa alinisubiri mlangoni.

“Jibu liko wapi?”

“Bado, afande. Nipe muda, shamba lisipoliwa tena utajua.”

“Mama, unanichelewesha.”

“Ndiyo, afande. Nakuchelewesha.”

Shamba halikuliwa tena. Diwani akapata mambo mengine ya kupigia simu, na kibali kikakaa mezani bila saini. Mlango akaendelea kupita. Nilisikia pia kwamba Nyanjura alianza kuletewa maziwa kutoka kwa mkwe wake, bila maelezo yoyote, na yeye hakuuliza. Nilifurahi kuliko siku nyingi za kazi yangu, na sikumsimulia mtu.

Miaka ya mwisho niliitumikia Musoma. Nikapanga nyumba mtaa wa Iringo, karibu na maduka, nikawa mtu wa ofisini, kazi ya viti na chai. Nilistaafu huko. Walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Sasa nina kijishamba upande wa Butiama na mbuzi wawili watatu, na vijana wa kazi hii wakinitembelea wananionyesha picha za simu, wananiuliza kama vyombo vya siku hizi vimerahisisha mambo. Nawajibu vimerahisisha. Gari linafika mapema, na mnyama unamwona kwa mbali.

Nyanjura nilikutana naye sokoni Musoma, nimeshastaafu. Alikuwa amekuja kuuza dagaa. Amenenepa, ana wajukuu. Tuliketi kwenye ndoo zake mbili tulizozigeuza, nikamwuliza habari za kwao, nikamwuliza na Mlango.

“Walimpiga, dada. Wewe ulishahama.”

Alinieleza bila haraka, huku anawapimia wateja dagaa. Mzee alikufa, ng'ombe wakarithiwa na shemeji yake, na uzio ukalala tena. Mahindi yakaliwa. Mumewe hakutaka ugomvi na kaka yake, akapiga simu mwenyewe kusema ni kiboko. Askari wakaja kwa gari asubuhi hiyo hiyo, wakasimama ukingoni mwa shamba, wakatazama mahindi, wakateremka ziwani. Nyama ikagawiwa. Mafunjo yakajifunga mwaka ule ule, na wavuvi sasa wanakata njia kwa panga kila mara, na kila mara inajifunga.

“Pole,” nikamwambia. “Ndiyo hivyo. Usingeweza kusema.”

“Sikusema,” akajibu. Aliweka kopo la kupimia chini, akanitazama usoni. “Lakini mara ile sikufagia, dada. Niliziacha kwato zote pale, shamba zima, mtoto angeziona. Nikasimama pembeni nikiwaangalia wale askari, nasubiri. Hakuinama hata mmoja.”