Nilichoma Daftari la Nyimbo za Mume Wangu

Nilikosa. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia. Kanisani wananiita mke mvumilivu, wananishika mkono, wananiambia Mungu anaona ninavyomtunza mume wangu. Anaona, ndiyo! Na daftari nililolichoma aliliona.

Jina langu liache. Mimi ni Mkenya, naishi Oakdale, hapa Marekani, na mume wangu, ambaye nitamwita Baba Moraa kwa jina la binti yetu. Yeye alikuwa akiendesha basi la hoteli moja kule Bloomington, la kupeleka wageni uwanja wa ndege. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee Saint Louis Park, upande wa wale waliopoteza kumbukumbu.

Baba Moraa alikuwa mtu wa nyimbo za Kizungu za zamani, hasa za miaka ya themanini. Country, disco, zile za polepole za kulilia mapenzi, zote alizijua neno kwa neno. Unawajua wanaume wa rika lake! Mpe uraia wa Marekani, bado atakuambia country ya siku hizi si country.

Alikuwa na daftari la shule, jalada limechanika, lenye maneno ya nyimbo hizo. Aliyesoma Kenya wakati ule anajua mambo hayo. Unakaa kando ya redio, wimbo ukipigwa unaandika mistari miwili, kisha unangoja wiki ijayo upigwe tena uongeze mingine. Ndiyo maana ukurasa mmoja ulikuwa na wino wa bluu, mweusi na mwekundu.

Lakini mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa msichana. Pembeni amechora maua na makopa, na mwisho wa wimbo mmoja wa polepole, ule Baba Moraa alioupenda kuliko yote, ameandika, "Usinisahau." Nilimuuliza tukiwa wachumba. Alilichukua mkononi mwangu, akasema ni mambo ya zamani, akabadilisha mazungumzo. Hayo mambo ya zamani niliyabeba moyoni miaka kumi na minane.

Kisha akapata kiharusi. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, akiwa kazini. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakaisha. Akitaka maji anasema "ta, ta, ta," anapiga kiti kwa hasira mpaka machozi yanamtoka. Hata jina langu hakuliweza.

Siku moja Moraa, wakati huo ana miaka kumi na mitano, akamwekea kwenye simu wimbo mmoja wa daftarini. Jamani! Mtu aliimba. Ubeti mzima, Kiingereza kimenyooka, bila kukwama.

"Mum! Mum, come! Dad anaimba!"

Nilikimbia kutoka jikoni na povu la sabuni mikononi.

Kulikuwa na mtaalamu wa matamshi aliyekuja kwetu mara mbili kwa wiki, msichana wa Kizungu, mpole. Alitueleza kwamba nyimbo hukaa upande mwingine wa ubongo, na kwamba kupitia kwazo maneno ya kawaida yanaweza kurudi. Akaanza kulitumia daftari. Baba Moraa anafuata mstari kwa kidole, anaimba, kisha mtaalamu anabadilisha neno mojamoja, anatia la kila siku. Wiki ya tatu mume wangu akaimba, kwa sauti ya wimbo wa country, "Nataka chai." Nilimpikia hiyo chai nikilia.

"Mkimuuliza kitu, mngojeni," mtaalamu alituambia. "Atajibu, lakini mumpe muda."

Na mimi haya nilikuwa nayajua! Hiyo ndiyo kazi yangu. Nawavalisha wazee wa watu vipokea sauti masikioni, nawawekea nyimbo za ujana wao, na bibi asiyemjua hata mwanawe wa kumzaa anaanza kuimba akitikisa mabega. Nilijua vizuri kuliko yeyote nyumbani mwangu.

Sasa ubaya ulikuwa hapa. Kila akifika ule wimbo wa polepole, Baba Moraa alilia. Analia huku akiupapasa ukurasa wenye "Usinisahau." Wivu ukanipanda. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, na jina langu halimtoki! Lakini huyo mwanamke wake anaimbiwa sebuleni mwangu!

Jumamosi moja mchana, Moraa hayupo, nikamwekea ukurasa ule mapajani. "Huyu ni nani, Baba Moraa? Leo niambie. Huyu ni nani?"

"Ta... ta..." Mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukaanza kuinuka polepole, unaelekea ukutani. Sikungoja uishe kuinuka. Niligeuka nikaenda jikoni, nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wiki hiyo akina mama wa maombi walikuja kwetu. Mkubwa wao akauliza, kwa upole tu, "Mama Moraa, mbona nyimbo za dunia anaziweza, na za Bwana haziwezi? Si tuliombee hilo?"

Ningemjibu kwamba mtaalamu ndiye aliyeagiza, na wangeelewa, maana nusu yao ni wauguzi. Badala yake nikasema, "Hata mimi nimeona. Kuna daftari humu ndani linalomfunga." Ona nilivyoufunika wivu wangu kwa jina la Mungu!

Tulilichoma nyuma ya nyumba, kwenye jiko la kuchomea nyama. Wao wanaomba kwa sauti, mimi nachochea. Baba Moraa alikuwa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, anaona kila kitu. Alipiga kioo kwa kiganja, mara tatu. Mama mmoja akasema ni pepo linalalamika, nami nikaitikia amina.

Tangu siku hiyo hakuimba tena. Mtaalamu alijaribu miezi miwili. Alipouliza daftari liko wapi, nikamwambia limepotea. Bima ikaona hakuna maendeleo, ziara zikasimamishwa. Daktari akasema muda mzuri wa maneno kurudi ni ule wa mwanzo, na sisi ulikuwa umeshatupita.

Miaka hiyo WhatsApp ndiyo ilikuwa inaanza kushika kijijini kwao. Kaka yake mkubwa akanipigia.

"Shemeji, mgonjwa bado anaimba? Lile daftari la Kemunto mwekee karibu. Hilo ndilo litamrudisha."

"Daftari la nani?"

"La Kemunto, marehemu dada yetu. Si ndiye aliyemlea mumeo mama alipotuacha? Alimwandikia zile nyimbo akiwa amelazwa hosi, karedio kake kando, eti zimfunze kijana Kizungu. Kemunto alikufa mumeo akiwa class six. Hata kabla hajaugua hakuweza kumtaja, nasi hatumuulizi."

Niliinua macho. Picha ya Kemunto iko ukutani, juu ya televisheni, amevaa sare ya shule. Ni pale pale mkono wa mume wangu ulipokuwa ukielekea. Nilikuwa nikiipangusa vumbi kila Jumamosi.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwomba msamaha. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Nikamweleza na Moraa, nikijitetea kwamba nilidhani ni mwanamke wake wa zamani. Mtoto huyu siku hizo alikuwa akinijibu kwa Kiingereza, neno moja moja, "Fine," "Okay." Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili.

"Hata kama angekuwa mwanamke wake, Mum."

Sasa amekwenda chuo jimbo la mbali, na akipiga simu anataka kuongea na baba yake, anamwambia habari za masomo, baba yake kimya.

Nyimbo zenyewe zimejaa YouTube, bure. Nimezijaribu zote. Nikiweka ule wa polepole, Baba Moraa hunyoosha mkono wake mzima, anaifunika simu kwa kiganja, na hauondoi mpaka nizime. Nikifika kazini nawawekea wazee wa watu nyimbo zilezile, wanaimba, na mimi najifungia chooni.

Wewe mwenye mgonjwa asiyeweza kujitetea, nisikilize. Ukiwa na wivu, uite wivu. Usiuvalishe nguo za wokovu ukaupeleka kwenye maombi, utapata watu wa kuitikia amina! Na ukimuuliza, ngoja mkono ufike unakokwenda.

Mimi nimebadilisha zamu ili mchana niwe nyumbani. Naketi mbele yake, namuuliza kama anataka chai, nangoja. Dakika kumi, kumi na tano. Chai inapoa, halafu namnywesha hivyo hivyo.