Mkwe Mlangoni

Kwiii. Ndivyo kitanda cha wodini kilivyolia baba alipojaribu kuinuka, na mpaka leo nikisikia chuma kikikwaruza chuma nageuka kutazama.

Asubuhi ile alikuwa ametoka kutengenezwa mshipa mkubwa wa damu wa tumboni, uliokuwa umevimba kama puto. Daktari alitueleza kwamba tumbo halipasuliwi. Wanapita kwenye mshipa wa kinenani, wanaingiza bomba la kitambaa lililokunjwa, likifika juu wanalikunjua. Bomba lenyewe nene, kwa hiyo na tundu la pale kinenani ni kubwa. Nyuzi za kulifunga tundu hilo wanazitega kabla, wakimaliza wanavuta. Mimi nauza kaptula za mitumba Mchikichini, nikaelewa hapo hapo: kamba ya kiunoni. Nikacheka hata. Nikaanza kumwona baba amekaa kwenye duka langu la vioo pale Msimbazi, duka ambalo bado sina.

Nesi ndiye aliyenikata kicheko. Mzee alale chali, mguu unyooke, asikunje nyonga mpaka aambiwe. Nyuzi zikiachia, damu ya mshipa ule haingoji mtu.

Tulikumbuka yote, tukamsahau mkwe. Saa ya kuona wagonjwa bibi, mama yake mama, akatokea mlangoni. Kwetu kusini mwanamume halali mbele ya mama mkwe, hata awe na homa. Baba akashika vyuma vya kitanda, akainua kifua.

"Shikamoo, mama."

Bandeji ikaota doa jekundu, likatanuka. Nesi alikuja mbio, akakandamiza kwa mikono yote miwili, uzito wote juu yake.

"Mzee, unataka nife mimi kabla yako?"

Baba bado alikuwa anahangaika kuketi. Bibi akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta.

"Lala, baba. Mimi sijafika. Bado nipo Jangwani, maji yamejaa barabarani."

Baba akafumba macho, akalala. Mimi nilikuwa nimeushika unyayo wake, sijui nausaidia nini, naomba tu usipoe. Nesi alikandamiza mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Daktari akafika, akafunua, akatazama kwa muda mrefu. Nyuzi zimeshika, akasema, ila asirudie tena.

Bibi akatoka kinyumenyume. Nesi akaenda kunawa. Kwenye korido nikasikia sauti za mashangazi wa mama, wakwe wengine hao, wanauliza wodi.

Nikavua kanga yangu ya juu. Ncha moja nikaifunga kwenye chuma cha dripu, nyingine kwenye komeo la dirisha, katikati ya macho ya baba na mlango.