Nambari Yangu Kwenye Akaunti za Watu

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku niliyofika Isiolo mara ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Kitale siku mbili nyuma. Basi liliharibika Nyahururu, nikalala kwenye benchi ya hoteli, asubuhi nikadandia lori la viazi hadi Nanyuki, na gari jingine likanishusha mjini jua likiwa utosini. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Sikuwa nimewahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Hata leo nikiona barabara nyoofu, nyayo huniwasha.

Kazi ilikuwa katika tawi la chuo kikuu. Wafanyakazi wote walikuwa wakihamishwa kwenye mfumo mpya wa mtandaoni, ambamo barua pepe, faili na kalenda ya mikutano hukaa pamoja, na mtu huvifikia kutoka kompyuta yoyote. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu: niwafungulie watu akaunti na kuwafundisha kuingia.

Kila akaunti ilidai nambari ya simu. Mfumo ukitaka kuhakikisha kuwa ni wewe, hutuma tarakimu sita kwenye simu hiyo, nawe uziandike kabla hazijaisha muda. Vijana walielewa haraka. Wakubwa walikuwa na maswali, nami sikuwa na subira.

Wa kwanza alikuwa Mama Halima, karani wa idara ya mifugo.

"Paswadi niweke jina la ngamia wangu?"

"Weka, Mama, lakini usinitajie."

"Kwani utamwiba?"

Ofisi nzima ikacheka. Basi simu yake alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaji. Badala ya kumwambia aje nayo kesho, niliandika nambari yangu. Nikamwambia akihitaji zile tarakimu aniite tu. Niliona ni wema. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimefanya hivyo kwa watu kumi na mmoja, na msajili wa tawi, mkuu wetu pale ofisini, akanisifu kwa kasi yangu. Sifa, mwanangu, ni pombe isiyo na harufu.

Mwezi wa pili wa mkataba rafiki yangu akaoa kule Korbesa. Sikuaga mtu ofisini. Nilikaa siku nne pasipo mtandao, nikafurahi kama ndama aliyekata kamba. Tulipokuwa tukirudi, karibu na Gotu, simu ikaanza kutetemeka. Tarakimu sita, tarakimu sita, tarakimu sita. Za Mama Halima peke yake zilikuwa zimetumwa mara tisa, na zote zilikwisha muda.

Chuo kilikuwa kimeagiza kila mtu aingie upya Jumatatu. Wale kumi na mmoja walifungiwa nje. Na katika siku hizo Mama Halima alitumiwa mwaliko wa usaili wa karani mkuu, nafasi aliyoingoja miaka mingi. Alitakiwa kujibu kufikia Jumatano. Hakuuona. Alhamisi wenzake wakahojiwa, na kwenye faili lake pakaandikwa kwamba hakujibu.

"Wazee na kompyuta, wapi na wapi!" msajili alisema mbele yangu. Nikainamia simu yangu, kana kwamba hayanihusu.

Jioni hiyo Mzee Guyo, tarishi wa ofisi, aliketi kando yangu na chai yake.

"Wafula, ukimsaidia mtu kuteka maji kisimani, ukimaliza kamba yake unaiacha wapi?"

"Mkononi mwake, Mzee."

"Wewe ulienda nayo harusini."

Akapuliza chai.

"Halima hajakutaja. Anasema una mama Kitale anayekutegemea. Na wewe, umejitaja?"

Sikulala vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kulipokucha nikaenda kwa msajili, nikamweleza yote.

"Kwa hivyo kosa ni lako, si la yule mama?"

"Ni langu."

Alifuta yale maneno kwenye faili, akamwita Mama Halima ahojiwe wiki iliyofuata, kwa kuwa uamuzi haukuwa umetolewa. Mkataba wangu akaufupisha hadi mwisho wa mwezi. Nafasi aliipata mwingine aliyemzidi alama chache. Mama Halima alisema hilo analiweza, kwa sababu alishindwa akiwa ndani ya chumba cha usaili.

Siku zilizobaki nilizunguka kwa wale kumi na mmoja, mikono yangu mgongoni, kila mmoja akaandika nambari yake mwenyewe. Mama Halima alichukua karibu saa nzima. Nilipofungua mdomo, alisema, "Nyamaza, nasoma."

Siku niliyoondoka kabisa nilipita kumuaga. Alikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni na wenzake wa makao makuu.

"Salaam aleikum, Mama. Naenda Marsabit."

"Aleikum salaam. Nenda salama. Sisi tunaendelea," akasema, akageukia kompyuta yake.

Mwanangu, methali husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Waliitunga kumlaumu mtegemeaji. Mimi nimejifunza kumlaumu pia anayemzoesha. Ukimfundisha mtu, subiri vidole vyake vijue, hata kama vyako vina kasi. Usijifanye mlango wa nyumba ya mwenzako. Na ukimkosea, jitaje kabla hajakufichia aibu yako. Mungu akupe subira ya kusimama kando, na kila utakapotoka, wanaobaki wajiweze.