Dereva Aliyefunga Breki Palipo Patupu

Kwa miaka kumi na mitatu, kila Jumamosi zamu ya asubuhi ikiisha, Hagiwara Yoshimitsu aliegesha basi la mlima Haruna, akavua glavu zake nyeupe, akaenda ukumbi wa michezo ya kompyuta kuuteremka mlima uleule kwenye kioo cha mchezo wa magari. Mchezo huo ulizaliwa na katuni ya zamani ya mbio za magari, na vijana wa Shibukawa, mji ulio chini ya mlima huo, waliupenda kwa kuwa kona zake ni kona zao. Hagiwara alishindwa karibu kila mara, na alishindwa kwa adabu: huinuka, huinama, husema, “Asante kwa funzo.”

Kiyomi, aliyeuza tambi za moto humo ukumbini, hakuwahi kumwona akinuna. Alimpenda kwa hilo. Mtu anayepakia roho za watu arobaini asubuhi na bado akakubali kuchekwa mchana si mtu wa bei rahisi.

Jumamosi moja ya Novemba alimpa bakuli lake bila vijiti vya kulia.

“Una nini, dada?”

“Binti yangu, Chinatsu. Wiki tatu tu tangu apate leseni, leo saa nane mchana anashindana na wenzake huko mlimani. Mlima wenyewe, si mchezo! Nimfiche ufunguo?”

“Atapanda gari la mwenzake.”

“Hiyo ndiyo faraja yako?”

“Sina nyingine.” Akamaliza supu, akafuta mdomo. “Ngoja nikamwombe mchuano.”

Chinatsu alikuwa humohumo ukumbini, kwenye kiti chake cha siku zote mbele ya mchezo. Hakuna aliyemfikia kwenye mteremko ule. Hagiwara akainama mbele yake.

“Naomba mchuano. Nikishinda, huendi mlimani.”

“Na ukishindwa, mzee?”

“Utakwenda, na mama yako hatasema neno.”

“Nani kakutuma kuniuza?” Kiyomi alifoka kutoka kwenye sufuria zake. Vijana wakaangua kicheko.

“Basi la saa moja asubuhi hilo! Abiria, shikeni vyuma!”

Wakachomeka kadi zao za mchezo, magari yakaondoka kiooni. Kiyomi aliona mambo yanakwenda kombo tangu mwanzo. Binti yake alizitelezea kona bila kugusa breki, na yule mzee alipunguza mwendo kila mahali, hata barabara iliponyooka. Chinatsu alifika chini sekunde kumi na tisa kabla yake.

Hagiwara akainuka, akainama. “Asante kwa funzo. Nenda.”

Kiyomi alitaka kumrushia bakuli. Lakini Chinatsu hakuinuka. Alikuwa bado anakitazama kioo.

“Mzee, pale barabara iliponyooka ulifunga breki ya nini? Hakuna kitu pale.”

“Bibi Tsukui huvukia hapo na toroli lake la kabichi. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa kumgonga kwa urefu wa mkono.”

“Kwenye mchezo hayupo.”

“Najua. Mguu wangu ndio haujui.”

“Na kona ya pili?”

“Maji ya chemchemi hukatiza barabara. Kivulini hapo barafu inaanza mwezi huu.”

“Mbona sijawahi kuiona?”

“Umepita lini hapo kwa magurudumu ya kweli?”

Kijana mmoja akacheka peke yake. Nje honi ya wenzake Chinatsu ikalia mara mbili. Kiyomi alitaka kusema jambo, akakumbuka ahadi iliyowekwa kwa jina lake, akarudi kukoroga supu.

Chinatsu akatumbukiza sarafu ya yeni mia.

“Kaa tena. Safari hii uwe unaniambia kabla hatujafika.”

Walikuwa hawajamaliza kona ya tatu, Hagiwara akitaja majani yaliyolowa, paa wanaovuka na mfereji uliopasuka ukingo, mlango ulipofunguliwa na mmoja wa wenzake wa mbio.

“Chinatsu! Tunakungoja wewe tu!”

“Nendeni nyumbani,” alisema bila kugeuka. “Barabara ile siijui.”